Misumari Kumi na Miwili ya Stoo

6 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha jicho la mama. Wiki iliyopita daktari alimtoa mtoto wa jicho, na sasa ameagizwa asisome kitu kwa miezi mitatu. Kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi, naye atakuwa akinisahihisha matamshi kama zamani. Anakusalimu. Anauliza kama bado unakula umesimama.

Nina habari ya kazi inayokuhusu. Naiandika kwa sababu najua kwenu simu inashika pale kwenye tangi la maji tu, na pale tangini hakuna siri.

Ile kesi ya wafungwa wenu waliolalamikia joto imekwisha. Jaji ametoa amri tisa. Inayofika mezani kwangu ni ya saba: kila chumba cha kulala kiwe na kipimajoto, joto lisomwe kila siku saa kumi jioni, kabla ya watu kufungiwa, likizidi nyuzi thelathini na mbili, watu wa chumba hicho wabaki uani mpaka saa kumi na mbili, na chumba kiongezewe ndoo nne za maji. Ikipita miezi mitatu bila chumba chochote kuvuka hapo, serikali inaweza kuomba amri iondolewe.

Ili amri isibaki karatasi, mahakama imemteua Mkaguzi. Ni daktari mstaafu, mpole, huvaa soksi zisizofanana. Yeye ndiye atakayepokea taarifa za kila mwezi na kumwambia Jaji kama mnatii. Mimi ndiye karani wake. Fomu mtakayojaza nimeibuni mwenyewe: tarehe, chumba, joto, sahihi. Mkaguzi ameisifu kwa kuwa inatosha kwenye ukurasa mmoja.

Nimeambiwa kwamba kwenu atakayeijaza ni mtunza stoo. Hakuna aliyeniuliza kama namfahamu mtunza stoo huyo. Nami sikusema.

Mpwa wako

*

25 Januari

Mpwa wangu Bi Kalamu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mwambie dada nakula nimekaa, isipokuwa siku ya kupokea unga, ambayo hata askari wa lindo hula akitembea. Jicho litapona. Yeye alikuwa anaona mengi mno hata kabla ya kutibiwa.

Mimi ni mzima. Nyumba yangu ya kota imepata mlango mpya baada ya miaka minne ya kuomba, na sasa kwa vile unafunga vizuri nimegundua kwamba dirisha halifungi. Nimeomba dirisha.

Sanduku la vipimajoto lilifika tarehe kumi. Vipo kumi na viwili, vya kioo na zebaki, hakuna hata kimoja chenye ufa. Nimeviingiza kwenye leja siku hiyo hiyo. Mkuu wa gereza alitusomea amri ya Jaji kwa sauti, kisha akaisoma tena peke yake kimya kimya, na ile mara ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Akaniambia, "Bwana Stoo, hili ni lako. Taarifa isichelewe hata siku moja." Haitachelewa. Miaka thelathini na moja ya kazi, sijawahi kuchelewesha karatasi.

Ninaye msaidizi humu stoo, mfungwa mmoja mzee tunayemwita Fundi Saa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake huko nje. Analala chumba cha tisa. Saa ya langoni ilikuwa imekufa miaka sita. Yeye aliifufua kwa bisibisi ya cherehani, na sasa askari wanalalamika kwamba zamu zimekuwa ndefu. Mchana tunacheza drafti, ananishinda, ananiomba radhi. Ameandika namba za vyumba kwenye vibandiko kwa mwandiko mzuri kuliko wako, nami nikabandika kila kipimajoto namba yake.

Fomu yako nimeipenda. Haina maneno mengi.

Mjomba wako, Bwana Stoo

*

14 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama ametolewa bandeji. Anaona rangi upya na amegundua kwamba mapazia tuliyokuwa tukiyaita meupe si meupe. Nimefua mapazia siku mbili.

Taarifa yenu ya Januari ilifika ya kwanza kati ya magereza matano, safi, bila kufutwa hata mahali pamoja. Jaji aliuliza kwa nini wengine hawawezi kuwa kama nyinyi. Nilijisikia vizuri kwa dakika chache.

Halafu nikaisoma vizuri zaidi. Vyumba kumi na viwili, siku ishirini na moja, na kila mahali ni ishirini na tano au ishirini na sita. Nimeilinganisha na ramani iliyo ndani ya hukumu. Chumba cha kwanza kiko chini, upande wa kivuli. Cha tisa kiko juu, bati tupu bila dari, kilijengwa kwa watu ishirini na wanne na wamo sitini na mmoja. Vyote viwili, tarehe ishirini na saba, ni ishirini na sita. Siku hiyo hapa ofisini, chini ya feni, nilikuwa na ishirini na tisa.

Mkaguzi hajauliza. Ana magereza matano na gari moja, na zamu yenu ya kutembelewa ni Mei. Nauliza mimi. Vipimajoto mmevitundika wapi?

Hii ni barua ya mpwa kwa mjomba, si ya ofisi. Najua kwamba hata hivyo sipaswi kuiandika.

Mpwa wako

*

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, utanisamehe. Tulikuwa na ukaguzi wa mablanketi, na mablanketi ukiyahesabu mara mbili hayakubali kutoa jibu lile lile.

Nimefurahi kusikia kuhusu jicho. Mapazia yape pole.

Hapa jambo kubwa ni kuku. Mke wa Mkuu anafuga kuku, na jogoo wake mmoja ameizoea stoo. Anaingia asubuhi nikifungua, anatafuta penye ubaridi nyuma ya magunia, anakaa. Nikimtoa, anarudi na wake zake. Nimeandika barua kwa Mkuu nikieleza kwamba kuku si mali ya gereza na hawawezi kuhifadhiwa stoo bila hati. Mkuu akajibu kwa kalamu nyekundu: "Mzungumzie mwenyewe." Sijui kama alikuwa na maana ya jogoo au mkewe. Nimewaacha wote wawili.

Fundi Saa amepungua. Hamalizi mchezo, anasinzia na kete mkononi. Namwambia ni uzee, ananiambia, "Ni usingizi tu, mzee. Kule juu hakulaliki."

Taarifa ya Februari nimeituma tarehe mosi. Natumaini ilifika bila kukunjwa.

Mjomba wako

*

16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Taarifa ilifika bila kukunjwa. Ishirini na tano, ishirini na sita. Februari, mwezi ambao hata mbwa wa mjini walikuwa wanalala mchana kwenye mitaro.

Nilimsomea mama barua yako. Nilipofika mwisho akauliza, "Umeruka mahali?" Nikamwambia sijaruka. Akasema, "Basi ameruka yeye. Huyo mdogo wangu tangu utotoni, ukimuuliza jambo akakujibu habari ya kuku, ujue jibu analo." Akaniuliza nilikuwa nimekuuliza nini. Sikumwambia. Kwa hiyo sasa tuko watatu tusiosema.

Nikueleze lililo mbele. Serikali imeshapeleka ombi kwamba amri ya saba iondolewe kwa kuwa haina kazi tena. Shauri litasikilizwa tarehe 24 Aprili. Wataambatisha taarifa zako za miezi mitatu, na hati ya kiapo ya mtu aliyesoma vipimajoto. Mtu huyo ni wewe. Ukiapa, amri inaondoka, Mkaguzi hatakuja Mei, na hakuna atakayepima tena.

Nami sina mikono safi. Kwenye taarifa ya Februari, pale pa maoni ya ofisi, niliandika "hakuna dosari" na nikaweka herufi za jina langu. Niliiona dosari. Niliogopa kwamba nikiitaja nitaulizwa nimeijuaje, na jibu la hilo linaanzia kwenye ukoo.

Nakuuliza mara ya pili, na ni ya mwisho. Viko wapi?

Mpwa wako

*

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sina habari ya kuku.

Tarehe 19, kama nusu saa baada ya milango kufungwa, chumba cha tisa walianza kugonga vyuma. Walipofunguliwa, Fundi Saa alikuwa chini, ngozi yake kavu na ya moto, anazungumza na mtu asiyekuwepo. Wenzake walikuwa wamemmwagia maji yao yote ya kunywa. Amelazwa hospitali ya nje. Tabibu wa gereza aliandika kwamba ameangushwa na joto. Mkuu akaitisha daftari langu. Tarehe 19 Machi, chumba cha tisa, nyuzi ishirini na sita, sahihi yangu. Mkuu akamwambia tabibu, "Huwezi kuangushwa na joto la ishirini na sita. Andika presha." Tabibu akanitazama. Mimi nikatazama daftari.

Basi nakujibu. Vipimajoto viko stoo. Vimekuwa stoo tangu tarehe kumi Januari.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Kanuni yetu inasema kioo hakiingii chumba cha wafungwa, na kitu chochote hakitoki stoo bila hati yenye sahihi ya Mkuu. Nilimpelekea hati kumi na mbili. Akazirudisha. Ana kovu kutoka sikioni hadi shingoni, alilipata akiwa askari kijana, kwa kipande cha chupa. Kwa hilo siwezi kumlaumu. Aliniambia, "Kioo hakiingii ndani. Lakini amri ya Jaji itiiwe." Halafu akaondoka, akaniachia amri mbili zinazopigana.

Nikapigilia misumari kumi na miwili kwenye ukuta wa stoo. Nikatundika kila kipimajoto na namba ya chumba chake. Amri inataka kila chumba kiwe na kipimajoto. Nikasema, kila chumba kinacho, kimehifadhiwa kwa niaba yake. Kila siku saa kumi nilivaa miwani nikavisoma vyote, kimoja kimoja, sikuruka hata siku moja, hata nilipokuwa na homa. Sikutunga namba hata moja. Kila nilichoandika ndicho kilichosomeka.

Stoo yetu ni ya mawe, nusu yake imo ardhini. Ilijengwa hivyo ili unga usiharibike.

Siku ya kwanza Fundi Saa alisimama mbele ya kile cha tisa, akakitazama, akasema, "Mzee, chumba changu kinapendeza kikiwa huku." Nilicheka. Yeye hakucheka. Nimelifikiria hilo kila siku tangu tarehe 19, na naona haya.

Wakili wa serikali amekwisha kuleta hati ya kiapo. Ni mistari mitano, inasema vipimajoto viliwekwa kwa kila chumba kama amri ilivyotaka. Mkuu ameiweka juu ya meza yangu na kalamu juu yake. Ninastaafu mwezi Juni. Sijatia sahihi, wala sijakataa.

Mjomba wako

*

4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama yote. Akauliza Fundi Saa ana umri gani. Nikasema sijui. Akasema, "Muulize. Mtu akianguka, uulizwe umri wake."

Nimepiga hesabu moja tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tangu tarehe 11 Januari hadi siku uliyoniandikia ni siku sabini na saba. Katika siku hizo, watu wa chumba chochote hawakuachwa uani hata mara moja mpaka saa kumi na mbili, wala hakuna ndoo moja iliyoongezwa. Namba zako zilikuwa za kweli, na ndizo zilizowafungia ndani. Fomu yangu haikuwa na safu ya kuuliza kipimajoto kiko wapi, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kuna mtu duniani atakayekipima chumba kwa kukaa mbali nacho. Ningekumbuka nani aliyenifundisha kufuata maelekezo neno kwa neno, ningeiongeza.

Sikuandikii uape au usiape. Hilo nikilisema nitakuwa nimemrubuni shahidi, na makosa niliyonayo yananitosha. Nakwambia nitakalolifanya mimi.

Kesho asubuhi nitaingia kwa Mkaguzi na kumwambia kwamba mtunza stoo ni mdogo wake mama yangu, kwamba nilikaa nyumbani kwake miaka minane nikisoma, na kwamba tumekuwa tukiandikiana. Nitamkabidhi barua zako zote, na nakala za zangu. Zitakwenda kwa Jaji, na mawakili wa pande zote watazisoma. Ukiniandikia tena, ujue hauniandikii mimi peke yangu.

Nilitaka uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine. Nimelia kidogo, kisha nikapanga karatasi kwa tarehe.

Mpwa wako

*

13 Aprili

Mpwa wangu Bi Kalamu, pamoja na waheshimiwa wengine mtakaosoma,

Marahaba kwa mmoja, na shikamooni nyote wengine. Naomba radhi kwa habari za jogoo. Sikujua kama zitafika mahakamani, ningejua, ningezifupisha.

Fundi Saa ana miaka hamsini na minane. Ni mdogo wangu kwa miaka, si mkubwa kama nilivyodhani. Amerudi kutoka hospitali baada ya siku tisa. Maneno yake yako sawa, akili yake iko sawa, mkono wa kulia unatetemeka. Bisibisi haishiki tena.

Juzi nilifanya jambo ambalo sijalifanya miaka thelathini na moja: nilitoa kifaa stoo bila hati. Nilichukua kipimajoto cha tisa, nikakitia mfuko wa shati, nikamwomba askari wa zamu anifungulie chumba cha tisa saa kumi, watu wakiwa bado uani. Nilikaa chini, kwenye mkeka wa Fundi Saa. Bati lilikuwa linalia juu yangu. Nilisubiri kisimame. Kilisimama kwenye thelathini na nane. Nikajua kimeharibika. Nikarudi stoo, nikachukua cha nane, nikapanda tena ngazi. Thelathini na nane. Nikachukua cha kwanza. Hapo nikajiona nilivyo: mtu mzima anapanda na kushuka ngazi kutafuta kipimajoto kitakachomhurumia.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kuingia, kwa sababu kwa daftari langu siku hiyo ilikuwa ya baridi. Waliniona nimekaa pale. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisema, "Sogea kidogo, Bwana Stoo, hapo ni pa watu watatu." Nilikaa nao mpaka saa kumi na moja. Kwa muda wote wa kazi yangu nimewahesabia watu hawa mablanketi, ndoo na sabuni, na sikuwahi hata mara moja kukaa wanapokaa, saa wanayofungiwa.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamrudishia kiapo chake bila sahihi, pamoja na changu nilichoandika kwa mkono. Changu kinataja misumari. Alikisoma, akaniuliza, "Bwana Stoo, si umebakiza miezi miwili?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Ungengoja tu."

"Nikingoja, Mkuu, nitastaafu na jambo hili."

Akakaa akilishika lile kovu lake. Halafu akasema nitoke, na nifunge mlango taratibu. Waheshimiwa, naomba ieleweke kwamba hati kumi na mbili alizokataa kutia sahihi ninazo, na sababu aliyonipa ilikuwa ya kweli. Lakini angeweza kutafuta wavu wa waya. Nami ningeweza kumwambia atafute. Wavu upo stoo, leja ukurasa wa arobaini.

Mwambie dada nimekula. Nilikula nimesimama.

Mjomba wako

*

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, amesoma kichwa cha gazeti mwenyewe na akakichukia.

Nadhani umekwisha kusikia tangini, ila nikuandikie kwa utaratibu. Jaji amekataa ombi la serikali. Amri ya saba inabaki mwaka mzima zaidi. Vipimajoto vitiwe ndani ya wavu wa waya, vitundikwe ukutani ndani ya kila chumba, juu ya kimo cha mtu. Vitasomwa na watu wawili kwa pamoja, askari wa zamu na mfungwa aliyechaguliwa na wenzake wa chumba, na wote wawili watie sahihi. Nakala ibandikwe uani, wenye joto lao walione. Mkaguzi aje bila kutoa taarifa. Na Mkuu ana siku thelathini kueleza kwa nini asihesabiwe kuwa amedharau mahakama.

Wakili wa wafungwa aliomba nawe uunganishwe naye. Jaji alisema kiapo chako ndicho pekee katika kesi nzima kilichomwambia jambo ambalo hakulijua, na kwamba suala lako waachiwe wakubwa wako wa kazi. Kisha akasoma sehemu za barua yako kwa sauti. Aliruka jogoo. Nilipomweleza mama, akasema hata mahakama huruka.

Mimi nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa masjala, kupanga majalada ya zamani. Ni haki. Ningekuwa nimesema tarehe sita Januari, wangempa Mkaguzi karani mwingine, na karani mwingine asingekujua. Labda angeandika "hakuna dosari" akaamini. Au labda angeuliza mapema kwa barua ya ofisi, nawe ungelazimika kujibu, na Fundi Saa angekuwa na mkono wake. Nimelipima jambo hili pande zote mbili na sipati namba. Mkaguzi aliniaga vizuri. Alisema, "Nami sikuuliza. Nilipenda mno kwamba ilikuwa ukurasa mmoja."

Fomu mpya ina kurasa mbili. Ina safu ya mahali.

Wamekufanya nini?

Mpwa wako

*

10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeandikiwa karipio, limeingia kwenye jalada langu, na jalada langu limefungwa siku nne baadaye kwa kuwa nimestaafu. Kwa hiyo tumekaa pamoja kwa siku nne tu, mimi na karipio, wala hatukuzoeana. Nakuja huko mwisho wa mwezi. Mwambie dada aandae kiti.

Mkuu bado yupo, anaandika maelezo yake. Siku ya kuaga alinipa mkono. 

Vyumba vimepata wavu. Watu wa chumba cha tisa wamemchagua Fundi Saa awe msomaji wao. Askari hushika kalamu, yeye husoma, kisha anatia sahihi yake kwa mkono wa kushoto, herufi zinapanda na kushuka. Jana ilikuwa thelathini na nne, na huu si msimu wa joto. Walibaki uani mpaka saa kumi na mbili. Nilipita nikawaona wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, hawafanyi lolote. Saa ya langoni ilisimama wiki iliyopita. Fundi Saa anamwelekeza askari mmoja kwa mdomo ni skrubu ipi, na askari huyo ana vidole kama ndizi. Huenda ikachukua muda.

Nilimwendea kumuaga. Nikamwambia, "Nisamehe." Akaniuliza, "Mzee, na kule stoo leo ni ngapi?" Nikamwambia sijui, hakuna tena kipimajoto. Akatikisa kichwa, akaniambia zamu yangu ya kucheza ilikuwa haijaisha, zile kete ameziacha zilivyokuwa. Tulimaliza mchezo. Alinishinda, na safari hii hakuniomba radhi.

Jumatatu nilikabidhi stoo kwa mtunza mpya, mama mmoja makini, anahesabu kwa kugusa. Tulipita kitu kwa kitu: mablanketi, ndoo, majembe, mizani, taa. Tulipofika ukuta wa nyuma akasimama. Akahesabu kwa kidole, akaandika kwenye orodha yake: misumari kumi na miwili, mitupu. Akanigeukia.

"Hii ilikuwa ya nini, mzee?"

Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni. Jogoo alikuwa amelala nyuma ya magunia, ningeweza kuanzia kwake. Nikavuta sanduku, nikamwambia naye akae, kwa sababu ni maelezo marefu, nikamweleza yote.

Mjomba wako